Konokono wa mikoko: mkoko, mchu, mlilana na muia, mzizi upi una konokono wengi na upi una wa aina nyingi?

#1 – MtuWaMida (mwanzisha uzi)

Wadau wa pwani, salaam.

Kila ninapopeleka wanafunzi horini, swali ni lile lile: "Mwalimu, mbona mzizi huu umejaa konokono na ule pale hauna hata mmoja?" Zamani nilijibu kwa mkato kwamba kila mnyama na mahali pake. Jibu hilo halikuniridhisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo miaka kadhaa sasa nainama topeni nikiwahesabu, na nasoma kila ninachopata kuhusu Mida na Gazi, sehemu mbili za Kenya ambazo wataalamu wa bahari wamezichunguza sana. Naweka hapa nilichokielewa, na nyinyi wa Pemba, Rufiji, Lamu na kwingineko mniongezee.

Tuelewane kwanza kwenye majina, maana kila kijiji kina lake. Nikisema mikoko, nina maana ya msitu wote. Nikisema mkoko, ni ule mmoja wenye miguu mingi (*Rhizophora mucronata*). Mlilana (*Sonneratia alba*) ndiye anayesimama mbele kabisa, anapigwa na mawimbi. Mizizi yake inachomoza topeni kama pembe fupi nene, pana chini na butu juu. Mchu (*Avicennia marina*) ana vijiti vyembamba kama penseli, mamia kwa mamia kuzunguka shina, na mti huu utaukuta mbele karibu na bahari na tena nyuma karibu na nchi kavu. Muia, ambao Tanzania wengine wanauita msinzi (*Bruguiera gymnorrhiza*), mizizi yake inatoka topeni, inapinda kama goti, inarudi chini. Mkandaa (*Ceriops tagal*) naye ana magoti, madogo zaidi. Mkomafi (*Xylocarpus granatum*) mizizi yake ni bapa, kama mbao zilizosimamishwa kwa ubavu, inatambaa kwa kupindapinda.

Yote hiyo ni kwa sababu moja: tope la mikoko halina hewa. Chimba kiganja kimoja tu usikie ile harufu ya mayai viza. Mti unalazimika kutoa pua nje, na kila mti umeitoa kwa namna yake. Konokono naye amekuta pua hizo zimesimama, akazigeuza nyumba.

Sasa kwenye konokono wenyewe.

Kwenye mkoko utamkuta *Littoraria scabra*, gamba la kahawia lenye michirizi, amebana kwenye upinde wa mzizi juu ya alama ya maji. Jua likiwa kali anajifunga ndani, anaacha ute ukauke kwenye mdomo wa gamba hadi anagandishwa kwenye gome. Mguse kwa ncha ya kidole, utasikia kile kisauti cha ute mkavu ukiachia. Chini ya miguu ya mkoko, kwenye tope lenye kivuli, ndipo lilipo lile konokono kubwa jeusi la *Terebralia palustris*, refu kama kidole cha mtu mzima au zaidi.

Kwenye mchu hali ni nyingine. Mwanga unapita, tope linapata utando wa mwani mdogo usioonekana kwa jicho, na juu ya tope hilo kuna *Cerithidea decollata*, gamba lake halifiki hata nusu ya kidole na ncha imekatika. Huyu nitamrudia, maana ndiye aliyenifundisha kwamba nilikuwa nahesabu vibaya.

Kwenye mlilana mizizi inakaa majini muda mrefu zaidi kuliko yote. Pale chaza wameng'ang'ania, pamoja na vile vigamba vyeupe vikali vinavyokata nyayo, na konokono wa jamii ya *Nerita* wanajipenyeza katikati. Utakuta pia konokono wala nyama, wanaotoboa magamba ya wenzao. Kwenye magoti ya muia na mkandaa, huko nyuma ambako maji hayafiki kila siku, wapo konokono wadogo wenye pafu wanaojificha chini ya majani yaliyooza na kwenye mashimo ya mashina: akina *Melampus* na *Cassidula*. Hao hawaonekani ukipita tu. Lazima upige magoti na kufunua majani.

Kwa hiyo swali la kichwa cha uzi lina sehemu mbili, na watu wanazichanganya. Wingi ni idadi ya konokono. Uanuwai ni idadi ya aina pamoja na jinsi zilivyogawana nafasi. Mzizi unaweza kuwa na umati wa aina moja tu.

Karibuni.

#2 – Kijana wa Kibiti

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu, mada kama hizi ni adimu.

#3 – BintiPemba

Mwalimu, shukrani. Huku Pemba tumekulia kwenye mikoko, mama zetu wanaokota chaza, na bado sijawahi kujiuliza swali hili.

Naomba ufafanuzi. Umesema *Cerithidea* yuko kwenye tope la mchu. Mimi nimewaona wamebandikwa kwenye shina, juu ya kiuno changu, wamerundikana kama shanga. Ni wale wale au ni wengine?

#4 – MtuWaMida

Dada, ni wale wale. Umegusa penyewe.

Maji yakipwa, *Cerithidea* anashuka kwenye shina na kwenda kula topeni. Anatambaa saa kadhaa, anaacha mstari nyuma yake. Kisha, kabla maji hayajafika, anageuka na kurudi kupanda mti. Narudia: kabla maji hayajamgusa. Marco Vannini wa Chuo Kikuu cha Florence na wenzake walimchunguza hapa Mida kwa miaka mingi, na walichokionyesha kinanisisimua hadi leo: konokono huyu anapanda mapema, na kimo anachofika kinaendana na kimo cha maji yanayokuja. Maji yakiwa makubwa, anakwenda juu zaidi. Ana saa ndani ya mwili wake.

Nyinyi mnajua bamvua la huku kwetu, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, linajaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, na linapwa mnamo saa nne. Siku ya bamvua, fika kwenye mchu saa nne asubuhi: mashina yako wazi, konokono wote wako chini. Rudi saa nane mchana, tope bado kavu, maji bado yako mbali horini, na tayari wameanza safari ya kurudi. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyewaambia.

Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa kidogo tu, mambo hubadilika. Mchu wa nyuma unaweza kukaa siku kadhaa bila kufikiwa na maji, na wengi wao hawapandi juu kama siku za bamvua.

Sasa fikiria mtu anayekuja kuhesabu konokono kwenye mizizi. Akija saa nne, vijiti vya mchu ni vitupu na tope limejaa. Akija saa tisa, tope ni tupu na shina limejaa. Vijiti vyenyewe, kiganja kimoja juu ya tope, bamvua linavifunika vyote, kwa hiyo *Cerithidea* hawezi kuvitegemea, anavipita tu. Mtu huyo ataandika kwamba mizizi ya mchu haina konokono, na atakuwa ameandika ukweli wa saa moja akauita ukweli wa mti.

Hapa ndipo tofauti ya mizizi inapoonekana. Mzizi wa mkoko ni ngazi: unaanzia topeni na kupanda hadi juu ya maji, na konokono anaweza kuishi maisha yake yote kwenye ngazi hiyo, akishuka na kupanda kadiri maji yanavyokwenda. Mzizi wa mchu si ngazi. Kazi yake kwa konokono ni kutuliza maji, kushika tope laini na kukuza mwani. Unamlisha, kumlinda ni kazi ya shina.

#5 – Mzee wa Faza

Mwalimu, nimesoma kwa makini. Mimi nilikata boriti ujanani, wakati majahazi bado yanapakia. Mizizi ya mkoko naijua kwa nyayo na kwa magoti.

Kuna konokono hamjamtaja, yule wa majanini. Ukikata tawi la mkoko anaanguka nalo. Wengine wa manjano kabisa, wengine wa rangi ya waridi, wengine weusi weusi, na wote wa umbo moja. Tulikuwa tukidhani ni aina tatu.

#6 – MtuWaMida

Shikamoo mzee. Asante kwa kumleta.

Huyo ni *Littoraria pallescens*, na rangi zote hizo ni aina moja. Anakaa juu majanini, mara chache sana utamkuta mzizini. Kwa hiyo msitu mmoja wa mkoko una ghorofa: *Terebralia* chini topeni, *scabra* kwenye mizizi na mashina, *pallescens* kwenye majani. Wawili hao wa jamii ya *Littoraria* ni ndugu wa karibu ila wamegawana mti. Nao wana jambo lingine zuri: hawatagi mayai topeni kama unavyoweza kutarajia. Jike anayatunza ndani ya mwili wake hadi vitoto vianze kuogelea, kisha anaviachia majini. Mti una vizazi vyake, lakini kila kizazi kimepitia baharini kwanza.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasihesabu mzizi peke yake wakaupa mti alama. Boriti moja ikikatwa, zinaondoka ghorofa mbili.

#7 – Mpanda Miche

Naomba nipinge kidogo. Mimi niko kwenye kikundi cha upandaji. Hao *Terebralia* mnaowasifia wamekula miche yetu. Tumepanda mkoko mwaka mmoja, tumerudi baada ya wiki chache, miche imetafunwa, na wale konokono weusi wamejaa pale. Kwetu ni waharibifu. Kuna waliotushauri tuwaokote wote na kuwatupa.

#8 – MtuWaMida

Kaka, nakuelewa, na uchungu wa mche uliopotea naujua. Tafadhali usiwatupe kabla hatujazungumza.

Ni kweli *Terebralia* mkubwa anaweza kutafuna mbegu na mche mchanga. Lakini mwangalie anavyokula. Akiwa mdogo hali majani kabisa, anakula tope: anaramba ule utando wa mwani na uchafu wa mimea. Akikua, meno ya ulimi wake yanabadilika umbo, ndipo anaanza kutafuna majani yaliyoanguka. Jani moja la mkoko likidondoka, la manjano, bado bichi, mmoja analifikia na kuanza kulikata. Harufu ya jani lililokatwa inawaita wengine. Nenda kesho ukaone mwenyewe: jani moja, konokono kumi na zaidi wamelizunguka kama watoto kwenye sinia, magamba yanagongana. Nimewahi kuinama karibu kiasi cha kusikia ule mkwaruzo.

Jani hilo lingeondoka na maji ya bamvua kwenda bahari kuu. Badala yake linasagwa palepale na kurudi topeni kama mbolea. Kaa wa mikoko wanafanya kazi hiyo hiyo, wanaburuta majani hadi mashimoni. Na kaa hao hao, kaka, ni walaji wakubwa wa mbegu za mikoko. Ukikuta mche umekatwa na konokono yuko pembeni, usimhukumu aliyekutwa karibu na maiti.

Naomba nikuulize mambo mawili. Mlipanda wapi, na kabla ya hapo pale palikuwa na nini?

#9 – Mpanda Miche

Palikuwa wazi, kwenye ufuko wa tope mbele ya mlilana. Wafadhili walitaka picha ya eneo kubwa, na mbegu ya mkoko ndiyo rahisi kuokota na kuchomeka. Tulipanda maelfu. Walioshika ni wachache sana.

#10 – MtuWaMida

Basi hapo hata bila konokono ingekuwa vigumu. Mbele ya mlilana ni mahali pa mlilana mwenyewe. Mkoko ukiwekwa pale unakaa majini muda mrefu kuliko unavyostahimili, mawimbi yanauchezea, na vigamba vyeupe vinaubandika hadi unalemewa. Silaumu kikundi chenu, mlifanya mlichoambiwa. Nalaumu tabia hii ya kuona kila tope tupu ni mahali pa kuchomeka mbegu ya mkoko, kwa sababu tu ni ndefu, inashikika vizuri mkononi na inasimama wima siku ile ile ya picha.

Hili linanigusa kwa sababu ya mada yetu. Tukipanda mkoko peke yake kila mahali, hata ukishika wote, tumejenga nyumba za aina moja. Tutapata *scabra* na *Terebralia* wengi, na mtu akihesabu atasema msitu umerudi. *Cerithidea* anayetaka tope lenye mwanga na shina la mchu atakuwa wapi? Wale wadogo wenye pafu chini ya mkandaa watakwenda wapi?

Gazi walifanya tofauti. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walipanda pale mkoko, mlilana, mchu na mkandaa, kila mmoja mahali pake. Waliporudi baadaye kuchunguza viumbe wa chini, waliwakuta wamerudi kwa wingi kuliko sehemu zilizobaki tupu. Ila kwenye mizizi ya mlilana wa kupandwa, mwani na viumbe wanaobandika mizizini walikuwa bado hawajafanana na wa msitu wa asili. Mzizi mchanga una ngozi laini. Hauna mipasuko wala mashimo. Kuna kidudu kidogo, jamaa wa mbali wa kamba, anayetoboa ncha za mizizi ya mkoko, na matundu anayoacha yanakaliwa na wengine. Hayo yanakuja na umri.

Hapo hapo Gazi ndipo ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, hekta 117, wanakijiji wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi, na fedha inarudi kwenye maji na shule. Nautaja kwa sababu watu wanadhani thamani ya mikoko ni hewa ya ukaa tu au boriti tu. Konokono hana soko. Ila yeye ndiye anayekuonyesha kama nyumba imekamilika.

#11 – Mswahili wa Maskati

Salaam kutoka Maskati. Uzi huu umenirudisha nyumbani.

Hapa Qurum, katikati ya mji, kuna hifadhi ya mikoko. Ila ni mchu peke yake. Oman nzima mikoko yao ni mchu. Hakuna mkoko, hakuna mlilana, hakuna magoti. Ukisimama kwenye kingo unaona vile vijiti tu mpaka mwisho, na juu ya tope konokono wadogo wamesambaa kama mchanga. Wengi mno, lakini ukiwatazama vizuri ni wale wale.

Jambo lililonishangaza: kwenye kilima cha Ras al-Hamra, jirani tu na Qurum, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makazi ya wavuvi wa maelfu ya miaka iliyopita, na kwenye mabaki ya chakula chao magamba ya huyo *Terebralia* wenu. Watu wa kale huku walimla.

#12 – MtuWaMida

Ndugu yangu, umenipa mfano nisioweza kuupata Mida. Msitu wenye aina moja ya mzizi, na mtu aliyeutazama kwa macho yake. "Wengi mno, lakini ni wale wale" ndiyo tofauti ya wingi na uanuwai niliyokuwa nahangaika kuieleza kwenye #1.

Na hilo la Ras al-Hamra lina mwangwi huku kwetu. Shanga, kisiwani Pate, mji wa kale wa Waswahili, magamba ya *Terebralia* yalipatikana pia kwenye uchimbaji. Mzee wa Faza yuko karibu na pale kuliko sisi sote.

#13 – Mzee wa Faza

Ni kweli, magamba yako mengi ardhini kule Shanga, unayakanyaga. Bibi yangu alisema zamani za njaa watu walikula kila kilichotoka topeni. Mimi sikumla.

#14 – Kijana wa Kibiti

Mkuu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa tatu, nataka kufanya utafiti huu huu delta ya Rufiji. Msimamizi ameniambia nitumie fremu ya mita moja kwa mita moja, nihesabu konokono ndani, nilinganishe mkoko na mchu. Inatosha?

#15 – MtuWaMida

Hongera, delta ya Rufiji ni msitu mkubwa na unahitaji macho. Fremu ni mwanzo mzuri. Nikuonyeshe inapopotosha.

Weka fremu kwenye mchu. Tuseme ndani yake kuna vijiti 100, kila kimoja urefu sentimita 15 na unene milimita 8. Ngozi ya kijiti kimoja ni karibu sentimita za mraba 38. Zidisha kwa 100, unapata karibu 3,800, yaani mita za mraba 0.38. Sasa iweke kwenye mkoko wenye miguu mitano, kila mguu urefu sentimita 120 na unene sentimita 4. Mguu mmoja una sentimita za mraba kama 1,500. Mitano inakupa 7,500 na ushee, mita za mraba 0.75. Fremu ni moja, lakini mkoko umempa konokono ukuta mara mbili ya mchu. Ukikuta konokono mara mbili kwenye mkoko, huenda hawajaupenda zaidi; wamepata nafasi zaidi tu. Kwa hiyo pima urefu na unene wa mizizi, uandike konokono kwa eneo la mzizi na pia konokono kwa eneo la tope. Ni mambo mawili.

Pili, wingi usikudanganye. Tuseme fremu ya kwanza ina konokono 40: 37 wa aina moja na 3 wa aina nyingine. Ya pili ina 20 tu, ila ni aina nne, watano watano. Ukipiga hesabu ya Shannon, kipimo cha uanuwai kinachopanda aina zikiwa nyingi na zimegawana sawa, ya kwanza inatoa 0.27 na ya pili 1.39. Fremu yenye nusu ya konokono ina uanuwai mkubwa kuliko ile nyingine kwa mbali. Ukiwasilisha idadi peke yake, utasema kinyume.

Tatu, saa. Andika kwenye kila karatasi saa, tarehe ya mwezi na hali ya maji. Hesabu kila kituo wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Kwenye mchu hesabu tope, vijiti na shina hadi kimo cha kifua, kila kimoja safu yake. Ukichanganya mkoko wa saa nne na mchu wa saa tisa, umelinganisha saa, hujalinganisha mizizi.

Nne, mahali. Mlilana yuko mbele na mkandaa yuko nyuma. Konokono wa mlilana wakitofautiana na wa mkandaa, ni kwa sababu ya umbo la mzizi au kwa sababu ya muda wa maji? Tafuta sehemu ambapo mkoko na mchu wamesimama bega kwa bega, kimo kimoja cha tope. Delta ina kingo nyingi za hivyo. Hiyo ndiyo itakujibu swali la mzizi wenyewe. Sehemu hizo ni chache na zinachosha kuzitafuta, lakini ndizo kazi yote.

Na tafadhali, konokono uliyemwinua umrudishe mzizi ule ule, upande ule ule. Wanafunzi wangu waliwatia *Cerithidea* nukta ya rangi ya kucha, na baadhi tuliwakuta siku iliyofuata kwenye mti ule ule. Usimhamishe mtu nyumbani kwake.

#16 – Kijana wa Kibiti

Mkuu, nimenakili yote. Suala la eneo la ngozi ya mzizi hakuna aliyekuwa amenitajia. Naongeza futi kamba na kipima unene. Kuna sehemu za delta zilizokatwa zikalimwa mpunga, kisha zikaachwa. Nitaweka vituo vichache pale pia.

#17 – Mpanda Miche

Mwalimu, nimekaa na kikundi jana usiku. Tumekubaliana kutowaokota. Mwezi ujao tunakwenda kuokota mbegu za mlilana na mchu kwa ajili ya kitalu. Mlilana mbegu zake ni ndogo sana, ziko ndani ya lile tunda la duara, hatujawahi kuzijaribu. Mwenye uzoefu wa kitalu cha mlilana anisaidie hapa hapa.

#18 – BintiPemba

Narudi na taarifa. Jana ilikuwa bamvua. Nilikwenda na mdogo wangu saa nane kasoro, tukakaa kwenye kipande cha mtumbwi wa zamani mbele ya mchu mmoja mkubwa. Tope lilikuwa kavu juu, limeanza kupasuka. Maji hatukuyaona, wala kuyasikia.

Wa kwanza alianza kupanda saa nane na robo. Akapita katikati ya vile vijiti, hakusimama hata kimoja, akafika shinani. Wa pili akafuata njia ya ute wa yule wa kwanza. Hadi saa tisa tulikuwa tumeacha kuhesabu, shina limekuwa na mistari inayong'aa kuanzia chini.

Kisha mdogo wangu akaniambia, "Dada, twende," na nilipogeuka maji yalikuwa yameshafika kwenye vijiti vya nyuma yetu.

Tulirudi tukiwa tumelowa hadi magotini. Bamvua lijalo tunakwenda kwenye mkoko.